Uji Ambao Mama Yako Hakuunywa

Mwanangu Rajabu,

Uko chumba cha pili. Nasikia unavyogombana na zipu ya begi, mkeo anakuambia "taratibu, utaing'oa," nawe unamjibu kwamba siku hizi vitu vinatengenezwa vibaya. Ukuta unaotutenganisha niliujenga mwenyewe, si mnene, ningekohoa tu ungeitika. Lakini nakuandikia barua kama mtu aliyeko Muskati. Cheka ukitaka, ila usiisomee hapa nyumbani. Isome mkishaiacha Muheza, gari likianza kupanda kwenda Amani, mahali ambapo huwezi kurudi kuniuliza maswali.

Naandika kwa sababu mdomo wangu haufai kwa jambo hili. Wewe unanijua. Nikianza kusema neno zito, mzaha unanirukia kama mbwa anayemfahamu mwenyewe. Kwenye msiba wa babu yako niliwachekesha waliokuwa wanachimba kaburi mpaka shehe akanitazama. Kalamu angalau ni ngumu, inanipunguzia mwendo. Mwalimu wangu wa darasa la tano alisema mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga wino, na mwaka uleule nikaacha shule. Si kwa sababu yake. Lori lilipita, nikalidandia. Na huyo wa darasa la tano amefika Tunduma, amefika Lubumbashi, amefika Kigali na Mombasa, na kote huko alieleweka, na kuna mahali waliomba arudi.

Habari ya makoti na blanketi sikuandikii. Mama yako amekwambia mara nne, na mara ya tano atakwambia kesho ukiwa umeshakaa kwenye kiti. Habari ya kazi yako mpya pia sikuandikii. Kiwanda cha chai hakihitaji ushauri wa dereva mstaafu. Ninachotaka kusema ni habari ya mkeo Mwanahawa, na siku atakayojifungua.

Najua. Kwetu baba mkwe haongei mambo hayo. Mwanamke akishikwa na uchungu, wanaume tunakaa nje, tunaangalia mawingu juu ya mlima Magamba kama vile tumeitwa kuyapima. Ndiyo maana nakuandikia wewe, si yeye. Lakini nimehesabu nikaona hivi: mama yake Mwanahawa ametangulia mbele ya haki. Mama yako amepanga kuja kwenu mwezi wa nane ukiisha, akae naye mpaka ajifungue na siku arobaini zipite. Mpango mzuri. Lakini watoto hawasomi mipango. Wewe mwenyewe ulikuja wiki tatu kabla. Na kutoka hapa mpaka Kwamkoro, huko kiwandani kwenu, ni kushuka Soni, kupita Mombo, kupita Korogwe, kubadilisha gari Muheza, kisha kupanda tena, na mvua ikinyesha ile njia ya msituni inakuwa sabuni. Inawezekana kabisa siku hiyo ikafika na mtu wa karibu pekee aliye naye ni wewe, mgosi, mwanaume uliyezaliwa na mimi. Hilo ndilo linalonitia hofu.

Sasa, hadithi ya kuzaliwa kwako unaijua. Kila mtu hapa kijijini anaijua, kwa kuwa nimeisimulia kwenye harusi, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na kwa askari wa usalama barabarani pale Mazinde aliyekuwa anataka kuniandikia kosa. Kwamba mama yako alikuwa amechoka kabisa, nguvu zimeisha, muuguzi amekata tamaa, ndipo mimi nikawasha jiko, nikapika chai ya sukari nyingi, mama yako akanywa, akapata nguvu, ukazaliwa. Chai ya Baba Rajabu. Watu wameifanya msemo. Mtu akizubaa shambani anaambiwa, "mpeni chai ya Baba Rajabu huyo."

Hadithi hiyo ni ya kweli, ila imekatwa kichwa. Chai niliipika, sikatai. Sikuwahi kumwambia mtu kwa nini ilihitajika.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimerudi kutoka Dar na fulana mpya yenye maandishi nisiyoyaelewa, natembea kijijini kama waziri. Mama yako alishikwa na uchungu jioni, na kulipokucha bibi yako, yaani mama yangu mimi, alimshika mkono, nami nikabeba mfuko wa kanga, tukashuka polepole hadi zahanati. Zahanati yenyewe ilikuwa na vyumba vitatu na muuguzi mmoja, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kiranja, ambaye wote tulimwita Sista ingawa hakuwa mtawa. Sista aliruhusu mtu mmoja kuingia na mzazi. Bibi yako akaingia. Mimi nikapewa benchi.

Bibi yako, Mungu amrehemu, hukumfahamu vizuri. Ulikuwa mdogo alipoondoka. Alikuwa mtu wa huruma, lakini alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: mwanamke mwenye uchungu hali wala hanywi mpaka mtoto atoke. Alisema tumbo haliwezi kufanya kazi mbili. Alisema chakula kikishuka, mtoto anapanda. Sista alikuwa amewaambia wajawazito kliniki kwamba uchungu ukianza mama anywe, ale vyakula vyepesi, asikae na njaa. Bibi yako alisikiliza, akasema "ndiyo mwanangu," kisha akatoka na sheria yake ileile, haijapungua hata uzi.

Saa tatu asubuhi akafika shemeji yangu, mama yako mkubwa Zubeda. Amebeba kikapu. Ndani mna chupa ya uji wa mahindi wenye maziwa, mayai mawili ya kuchemsha, na ndizi mbivu nne, zile fupi nene. Ametembea na kikapu hicho kutoka bondeni, miguu imejaa tope.

"Shemeji, vipi hali yake?"

"Anaendelea," nikamwambia. "Wewe unafikiri mke wangu mimi atashindwa? Huyo ni gari jipya."

"Mpelekee hiki. Mwambie ajikaze anywe ukiwa moto."

Nikagonga mlango. Bibi yako akatoa kichwa, akaona chupa, akavuta mlango nyuma yake.

"Rudisha," akasema kwa sauti ya chini.

"Mama, nitamrudishiaje? Ametoka bondeni kwa miguu."

Akamwangalia Zubeda kule kwenye ngazi, anajifuta tope kwa majani. Bibi yako hakupenda kumwaibisha mtu, hasa wa upande wa mkwe. Akasema, "Basi kipokee, umshukuru. Lakini humu ndani kisiingie." Akafunga mlango.

Sasa jiweke pale nilipokuwa. Benchi. Kikapu mapajani. Baridi ya asubuhi, na tangu jana mchana sijala. Zubeda akashuka kijitoni kunawa miguu, nami nikafungua chupa kwa nia ya kunusa tu.

Mwanangu, niliunywa wote. Nikala mayai. Nikala ndizi tatu, na ile ya nne nikaila kwa sababu ndizi moja kwenye kikapu ingeleta maswali. Maganda nikayatupa nyuma ya tangi la maji. Kisha nikamrudishia Zubeda chupa yake, nyepesi kabisa. Akaitikisa, akafurahi mpaka macho yakajaa maji.

"Ameumaliza wote?"

"Wote. Na mayai."

"Alhamdulillahi. Nilikuwa na hofu na mama mkwe wake."

Akaondoka na furaha yake. Saa nne na nusu Sista akatoka kuchota maji, akaniuliza kama mgonjwa wake amepata chochote. Ningeweza kusema ukweli hapo. Bibi yako alikuwa ndani, asingesikia. Lakini nilikuwa nimeshaonja ladha ya kusifiwa na Zubeda, na isitoshe nilikuwa na uji kwenye fulana. Nikasema, "Sista, amekunywa chupa nzima ya uji, mayai mawili na ndizi. Sisi si watu wa kizamani." Nilisema hivyo, kwa mdomo huuhuu. Sista akanisifu pia. Akasema laiti wanaume wote wangekuwa hivyo.

Umeona ilivyokuwa? Bibi yako kwa sheria yake alimnyima chakula, lakini alikuwa anamwonea huruma kwa namna aliyoijua. Mimi nilimwibia hata ile nafasi ya mtu mwingine kugundua. Kwa sababu yangu, Sista alikuwa anamtibu mwanamke aliyeshiba, wakati kitandani alikuwepo mwenye njaa ya tangu jana.

Mchana ukapita. Niliendelea kuwasimulia watu waliokuja kliniki habari za mteremko wa Kitonga. Walicheka. Kila mara nilisikia sauti ya mama yako kupitia dirisha, kwanza kubwa, halafu ya kawaida, halafu nikawa sisikii kitu. Nikafikiri amepumzika. Nikawaambia wale watu, "mnaona, ametulia." Nilijua gari likinyamaza kwenye mlima maana yake nini, najua kuliko mtu yeyote hapa Lushoto, na bado nikasema ametulia.

Saa tisa Sista akatoka. Hakuwa na sauti ya kiranja tena.

"Baba, nguvu zimemwisha. Uchungu unakuja lakini umelegea, naye hawezi kusukuma. Na mimi sielewi, maana amekula vizuri. Nikimpa saa moja bila mabadiliko, itabidi ashushwe hospitali kubwa. Tafuta gari."

Gari. Mimi dereva, na gari langu lilikuwa Mombo, gereji, limefunguliwa tumbo. Sista akarudi ndani. Nikasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikasikia mambo ya mle ndani yakisemwa wazi, kwa kuwa mlango haukufungwa vizuri.

"Mama, midomo yako imekauka sana. Ule uji ulikutosha?"

Kisha sauti ya mama yako, ndogo kama ya mtoto aliyeamshwa. "Uji gani, Sista? Sijapata hata maji."

Sista alitoka kwa hatua tatu. Alikuwa mfupi, nimekwisha kusema, lakini niliona kama natazamwa kutoka juu.

"Nani alikunywa uji?"

Sikuwa na mzaha wowote. Nilitafuta, hakuna. Nikasema, "Mimi."

Nilitegemea anitukane. Nilitaka anitukane, ili na mimi nipate la kujibu. Akaniuliza tu, "Kutoka hapa mpaka Dar unasimama kula mara ngapi?"

"Mara mbili. Mombo na Chalinze."

"Na hapo umekaa kwenye kiti, mashine ndiyo inafanya kazi. Mkeo tangu jana jioni analima kwa mwili mzima, hajapumzika, nawe umemlia chakula chake." Akanionyesha jiko lililokuwa nyuma. "Kawashe. Chemsha maji, weka majani kidogo na sukari ya kutosha. Usilete ya kuunguza."

Nikawasha lile jiko. Nikamaliza nusu ya kiberiti. Chai ile wanayoisifu watu, mwanangu, niliipika huku nalia, moshi ulinisaidia kuficha. Ya kwanza ilikuwa ya moto mno, Sista akairudisha. Nikaipooza kwa kuimimina kikombe hadi kikombe, kama wanavyofanya kwa watoto.

Nyuma yangu nikasikia Sista anaongea na bibi yako kwenye korido. Nilidhani patakuwa na vita.

"Mama, shikamoo," Sista akasema, ingawa walikuwa pamoja tangu asubuhi.

"Marahaba."

"Sikuulizi kwa ubaya. Kwa nini hutaki ale?"

Bibi yako akasema jambo ambalo mimi, mtoto wa tumbo lake, sikuwahi kulisikia. Alisema dada yake mkubwa alikufa akijifungua. Walimpa ugali uchungu ukiwa umekolea, akatapika, akaishiwa, akafa na mtoto ndani. Bibi yako alikuwa msichana, ndiye aliyekuwa ameshika lile bakuli. "Tangu siku ile," alisema, "nikiona chakula karibu na mwanamke mwenye uchungu, naona bakuli lile."

Sista hakumwambia kwamba amekosea. Nakumbuka hilo vizuri kwa sababu mimi ningemwambia. Alisema, "Pole, mama. Huenda si ugali uliomuua dada yako, alikuwa na tatizo ambalo hakuna aliyeliona. Na ugali saa ile kweli ulikuwa mzito, hapo hukukosea. Lakini huyu mkwe wako nimempima, njia yake iko sawa, kinachomwangusha ni kukauka. Tumpe kijiko kimoja kimoja. Wewe ndiye umpe. Akikataa, tunaacha."

Na bibi yako ndiye aliyempa. Nilimpokeza kikombe mlangoni, akakiingiza. Kijiko, anasubiri uchungu upite, kijiko. Baadaye Sista akaniagiza uji mwepesi kutoka nyumba ya jirani, nao ukaingia hivyohivyo, kidogo kidogo. Sitakudanganya kwamba chai ilikuzaa wewe. Kazi aliifanya mama yako, na Sista alikuwa bado ananiambia gari liwe tayari, na jirani mwenye Land Rover alikuwa ameshawasha injini. Lakini nilisikia sauti yake ikirudi. Kwanza ndogo, halafu ikapanda. Sijawahi kufurahia mtu kupiga kelele kama siku ile. Kabla ya adhana ya magharibi ukazaliwa, mwembamba, una hasira, unanyonya ngumi.

Basi hapo ndipo nilipoanzia kusimulia. Nilianzia kwenye jiko.

Nimejiuliza kwa nini nilificha kwa miaka yote hii. Si kwamba niliogopa kuonekana mbaya tu. Watu walicheka na kufurahi nikisimulia, na nikazoea kula furaha yao kama nilivyokula zile ndizi, moja baada ya nyingine. Nimekwenda nchi nyingi, Rajabu, nimejifunza kuomba maji kwa lugha saba. Kumbe kitu nilichoshindwa ni kukaa kimya mita nne kutoka kwa mke wangu na kusikiliza ana shida gani.

Sasa yako. Nilimuuliza Sista baadaye, ulipokuwa na wiki mbili, nimempelekea gunia la viazi kama fidia. Aliniambia kwa lugha ya gari ili nielewe, akanitania hapohapo kwamba kwingine sitaelewa. Alisema mwanzoni, uchungu ukiwa bado unakuja kwa kuachana, ndio wakati wa kuweka akiba tumboni: uji, ndizi, kiazi kilichopondwa, mkate na chai, kitu chepesi anachokipenda mwenyewe. Ukikolea, wengi hawatamani tena kula, na hapo usimlazimishe. Ni maji, chai, uji mwepesi, maji ya matunda, funda dogo kila uchungu ukipita. Akichefuka, acha, ngoja, jaribu tena baadaye. Ugali na nyama na vitu vya mafuta subiri mtoto atoke, hapo atakula mpaka akushangaze.

Na akasema jambo jingine, usilipite. Si kila mama ni sawa. Wengine wana shinikizo la damu au kovu la upasuaji, au mtoto amekaa vibaya, na muuguzi anaweza kusema huyu asile sasa hivi. Akisema hivyo, mtii, ila muulize sababu. Ndiyo maana ni vizuri uende kliniki pamoja na Mwanahawa mapema, mkiwa bado hamna haraka, umuulize muuguzi wa huko: siku hiyo anaruhusiwa kula nini, anywe nini, na nani anaruhusiwa kuingia naye. Uliza mbele ya Mwanahawa, si nyuma yake. Mwambie na yeye aseme anapenda nini. Mama yako, niligundua baada ya miaka mingi, hapendi chai yenye sukari nyingi. Siku ile aliinywa tu.

Wazee wa huko wakikwambia mwenye uchungu asiguse kitu, usibishane nao kama msomi. Waamkie. Mtu anaweza kuwa ameshika bakuli ambalo wewe hulioni. Lakini Mwanahawa anywe.

Nilikuwa nimeishia hapo, nikataka kuikunja barua. Halafu nikaona nimerudia kosa lilelile. Wewe utaujua ukweli nusu ya njia kwenda Amani, na mama yako yuko jikoni anakuchemshia viazi vya safari, miaka ishirini na mitano anasikia hadithi ya chai na kutabasamu. Nikaacha kalamu, nikaenda.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya. Nikasimama mlangoni. Akasema bila kuinua uso, "Chumvi iko juu ya kabati."

"Sikuja kwa ajili ya chumvi. Mama Rajabu, siku ile ya zahanati. Zubeda alileta uji."

"Najua alileta. Sista aliniuliza habari zake."

"Niliunywa mimi."

Akaendelea kumenya. "Na mayai?"

"Yote mawili."

"Na nini kingine?"

"Ndizi."

"Ngapi?"

"Nne."

Akaweka kisu chini. Nikajiandaa. Unamjua mama yako, haongei sana, lakini akiongea hupati pa kuweka mguu. Nikasema nisamehe, nilikuwa mjinga, nilikuwa na njaa, nilikuwa naogopa mama. Nikasema mengi. Aliniacha niyamalize yote.

Kisha akasema, "Niliyajua ya uji. Ulikuwa na uji kwenye fulana mpaka unaingia kumshika mtoto. Niliona nisikuvunjie hadithi yako, watu walikuwa wanaipenda."

"Kwa hiyo umenisamehe zamani?"

"Njaa nimeisahau. Njaa inasahaulika, ndiyo maana nikazaa tena." Akachukua kiazi kingine, akakigeuza mkononi, hakukimenya. "Kitu ambacho sikusahau ni kwamba nilikuwa nakusikia pale dirishani. Siku nzima. Unawaambia watu habari za Kitonga, wanacheka. Nikawa nasema moyoni, huyu mtu akinyamaza kidogo tu, atanisikia. Kisha atapata sababu ya kuingia. Hata akileta maji ya kunawa, sawa. Chai yenyewe ilikuja, lakini mkono ulioileta uliishia mlangoni."

"Sista aliruhusu mtu mmoja."

"Uliomba?"

Sikuomba, Rajabu. Sikuwahi kuomba. Dada zako wote wawili walizaliwa nikiwa Tunduma, na nilikuwa nasema ni kwa sababu ya kazi.

Nikakaa sakafuni, nikachukua kisu kingine, tukamenya wote. Hatukuongea tena habari hiyo. Alipomaliza alisema, "Umeshamwandikia mtoto?" Nikasema nimemwandikia yote, nini ale, nini anywe. Akasema, "Hayo Mwanahawa nimekwisha kumwambia mimi, wiki iliyopita. Wewe mwandikie lile ambalo mimi siwezi kumwambia mwanaume."

Kwa hiyo nimerudi kuliandika. Ule uji utakaoupika, au utakaoununua kwa mama ntilie wa nje ya geti, usimpe mtu akupelekee. Siku hizi vituo vingi wanaruhusu mwenzake kuwepo, vingine bado. Ukikuta muuguzi anakwambia kaa nje, mwamkie, mwombe. Akikataa, nenda kakae, kisha baada ya saa moja simama umwombe tena kwa adabu. Huenda akachoka na wewe. Akikubali, ingia na kikombe, usimame upande wa kichwa chake, na ufunge mdomo isipokuwa kwa kusema nipo. Utaogopa. Mimi nimeshuka Kitonga na breki zimekufa, nakwambia hutaogopa zaidi ya hapo, na mtu hafi kwa kuogopa.

Na wasipokuruhusu kabisa, kaa dirishani, unyamaze, umsikilize.

Mama yako atakuja mapema zaidi kuliko tulivyopanga. Ameamua sasa hivi, hajaniuliza. Nami nitakuja naye. Nitakaa kwenye benchi, kwa kuwa benchi nalifahamu. Wewe ndiye utakayeingia.

Mungu awafikishe salama nyote watatu.

Ni mimi baba yako